Mgonjwa ni Nani? Uhariri wa Jeni za Binadamu mbele ya Dhamiri ya Kikristo



Tarehe 28 Novemba 2018, katika Chuo Kikuu cha Hong Kong, mwanasayansi kijana wa China aitwaye He Jiankui alisimama mbele ya wenzake kueleza jambo ambalo dunia ilikuwa imelisikia siku chache tu kabla. Mapacha wawili wa kike, aliowapa majina ya kuwasitiri, Lulu na Nana, walikuwa wamezaliwa wakiwa na jeni alizozibadilisha yeye mwenyewe walipokuwa bado viinitete maabara. Hapakuwa na shangwe. Mwenyekiti wa mkutano, David Baltimore, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alitamka papo hapo kwamba kazi ile ilikosa uwajibikaji. Mwishoni mwa mwaka uliofuata mahakama ya Shenzhen ilimhukumu He kifungo cha miaka 3 na faini ya yuan milioni 3 kwa kufanya utabibu kinyume cha sheria. Ikajulikana pia kwamba mtoto wa tatu alikuwa amezaliwa.

Wakristo wengi waliipokea habari ile kwa kauli moja: mwanadamu sasa anamchezea Mungu. Kauli hiyo nitaijia baadaye, maana inanisumbua. Kwanza tuitazame familia yenyewe.

Baba wa mapacha aliishi na VVU. Mama hakuwa navyo. Walitaka mtoto asiye na virusi, na njia ya kumpata ilikuwapo kwa miaka mingi: mbegu za baba husafishwa, virusi vikatengwa, kisha mimba ikatungishwa. Hawa nao walifanyiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla He hajagusa jeni hata moja, hatari ya watoto kuambukizwa kutoka kwa baba yao ilikuwa imekwisha kuondolewa. Alichoongeza yeye ni kuikata jeni iitwayo CCR5, inayotengeneza protini ambayo VVU hushikamana nayo ili kuingia katika seli za kinga. Baadhi ya watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini huzaliwa na pengo katika jeni hiyo, na ni nadra VVU kuwapata. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipona VVU baada ya kupandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo. He alitaka kuwapa mapacha pengo lile lile. Hakulipata sawasawa. Mikato yake haikufanana na pengo linalojulikana, na kwa pacha mmoja nakala moja ya jeni ilibaki nzima.

Sasa swali langu, na ndilo nitakaloshikilia jioni hii yote: mgonjwa alikuwa nani? Baba alikuwa na VVU, lakini hakutibiwa. Mama alikuwa mzima. Watoto hawakuwa na ugonjwa wowote, wala hawakuwa hatarini kuupata kwa kuzaliwa. He mwenyewe alipobanwa alisema habari za unyanyapaa: wenye VVU wanatengwa, na wazazi wanataka watoto wao waepukane na fedheha hiyo. Ninaamini fedheha hiyo ipo. Lakini haikai katika jeni. Muuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto hapa kwetu angemwonyesha akina mama wenye VVU waliozaa watoto wazima kwa dawa za kufubaza virusi, bila mtu kukata jeni ya yeyote. Tena Shirika la Afya Duniani lilipounda kamati ya wataalamu baada ya kisa hicho, mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Edwin Cameron, jaji wa Afrika Kusini aliyetangaza hadharani mwaka 1999 kwamba anaishi na VVU. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa unyanyapaa ni nini, na kamati yake, ilipotoa ripoti mwaka 2021, haikuona kwamba dawa ya unyanyapaa ni kuhariri viinitete.

Na CCR5 si takataka iliyosahaulika mwilini. Aliyeikosa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya akipatwa na virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1937, katika wilaya iliyovipa jina. Mwanasayansi wa Shenzhen aliwapa mapacha ngao wasiyoihitaji, na huenda akawavua nyingine.

Twende sasa Nashville, Tennessee, mwaka 2019. Mwanamke aitwaye Victoria Gray, mama wa watoto 4 kutoka Mississippi, alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi hapa mnauita sikoseli. Naomba radhi kwa walimu wa baiolojia, nitapita haraka. Herufi moja tu imebadilika katika jeni inayotengeneza himoglobini, na kwa herufi hiyo moja chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Ninyi wauguzi mnayajua maumivu yake kuliko nitakavyoyaeleza. Kabla ya kuzaliwa kila mmoja wetu alikuwa na himoglobini ya aina nyingine, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haiharibiwi na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Madaktari walichukua seli shina za damu za Gray, wakaikata BCL11A ndani ya seli hizo, kisha wakamrudishia. Himoglobini ya utotoni ikarejea, na maumivu yaliyokuwa yakimlaza hospitalini mara kwa mara yakamwacha.

Chombo cha kukatia kinaitwa CRISPR. Bakteria wamekitumia tangu zamani kujikinga na virusi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba kinaweza kuelekezwa kukata mahali popote tunapotaka katika vinasaba, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Msidhani kwamba tiba ile ni sindano ya mara moja ukarudi nyumbani. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, dawa zile zile zinazotumika kwa saratani. Hukaa hospitalini wiki kadhaa. Huenda akapoteza uwezo wa kuzaa. Gray aliyajua hayo yote, akakubali. Ni Mkristo, na alipoisimulia safari yake, hata mbele ya wanasayansi waliokusanyika London mwezi Machi 2023, hakuonyesha kuona ugomvi kati ya sala alizoomba na seli alizorudishiwa. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba hiyo kwa jina la Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata.

Mgonjwa ni nani hapa? Tunamjua. Ana jina, ana umri, ana maumivu, ana watoto wanaomsubiri. Tena mabadiliko aliyofanyiwa yanaishia kwake. Seli zilizohaririwa ni za damu, hazimo katika mayai yake, na atakapokufa mabadiliko hayo yatakufa naye. Mabadiliko ya Lulu na Nana yamo katika kila pembe ya miili yao ambamo mkato ulishika, na wakijaliwa kuzaa huenda yakapita kwa wana na wajukuu ambao hakuna aliyewauliza.

Sasa ile kauli ya kumchezea Mungu. Kasoro yake ni kwamba haichagui. Waweza kuitamka juu ya He Jiankui, na waweza kuitamka juu ya madaktari wa Nashville, kwa sauti ile ile. Kauli inayomhukumu mharibifu na mkunga kwa kifungu kimoja haifai mahakamani wala kanisani. Isitoshe, wenyewe hatuiamini. Tangu mwaka 1982 kuna insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Wapo wachungaji na mapadri wanaojichoma insulini ya namna hiyo kila asubuhi kabla ya sala, na sijamsikia hata mmoja akiiungama.

Maandiko yanatupa msingi imara kuliko kauli hiyo. Kitabu cha Mwanzo kinasema mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hakisemi mfano huo umewekwa katika kiungo gani. Haumo katika damu wala katika jeni. Mtoto mwenye selimundu anao wote, bila pungufu, na aliyeponywa haongezewi hata chembe. Hilo latosha kuondoa nusu ya maneno matamu ya wale wanaotuahidi binadamu aliyeboreshwa. Lakini Mwanzo hiyo hiyo inamweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, na Yesu, katika Injili zote nne, hapiti mbele ya mgonjwa akamwambia ugonjwa wako ni mapenzi ya Baba, nenda ukauheshimu. Anaponya. Kanisa lililojenga hospitali kabla ya serikali kuzijenga katika sehemu nyingi za nchi hizi halikukosea kumwelewa.

Nataka tukae kidogo na Yohana sura ya 9, yule kipofu wa kuzaliwa. Kwa lugha ya leo tungesema huenda alikuwa na ugonjwa wa kurithi, na wanafunzi wa Yesu walifikiri hivyo hivyo kwa namna yao: walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi. Yesu aliukataa ukoo kama maelezo, akamponya mtu. Kisha yanafuata mambo mawili ambayo mahubiri yetu huyaruka. La kwanza, majirani walibishana kama ndiye yule yule au ni mwingine aliyefanana naye, na mwenyewe akasema ndiye. Uponyaji haukumfanya kuwa mtu mwingine. La pili ni jibu la wazazi walipoitwa na Mafarisayo. Waliogopa, ni kweli, lakini walichosema kina uzito kuliko hofu yao: mwana wetu ni mtu mzima, muulizeni yeye. Naye aliulizwa, akajibu, tena akajibu kwa ukali hadi wakamfukuza. Victoria Gray aliulizwa. Lulu na Nana hawakuwapo wa kuulizwa.

Najua mtanipinga, na mna haki. Mtoto mchanga naye haulizwi. Tunamchanja, tunampasua moyo uliotoboka, tunatia sahihi kwa niaba yake. Mwezi Mei 2025 madaktari wa Philadelphia walitangaza kwamba wamemtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini, ambao huacha sumu ya amonia ijae katika damu, kwa dawa ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Hakuna aliyemuuliza, na mimi siwezi kuwalaumu wazazi wake hata kidogo. Kwa hiyo ridhaa pekee haimalizi hoja. Kinachomtenga mtoto yule na mapacha wa China ni kwamba alikuwa amelala kitandani, mgonjwa, akielekea kufa. Mzazi alisimama badala ya mtu aliyekuwapo na mwenye haja. Kwa mapacha, mtu mwenyewe alikuwa bado anatengenezwa, na haja ilikuwa ya waliokuwa wakimtengeneza.

Hapo Wakatoliki mliomo humu mtaniuliza swali gumu zaidi, na nitashangaa kama hamjaliandika tayari. Kama kiinitete ni mtu tangu kutungwa kwake, kwa nini kisiwe mgonjwa? Kwa nini kisitibiwe? Waraka wa Roma uitwao Dignitas Personae, wa mwaka 2008, umekaa na swali hilo kwa uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Unaikubali kimsingi tiba ya jeni inayoishia kwa mgonjwa mwenyewe. Ile inayopita kwa uzao unaikataa katika hali ya utafiti ilivyo, kwa sababu hatari kwa mtoto ni kubwa na hazidhibitiki, na kwa sababu hupitia utungishaji wa mimba maabara, njia ambayo Kanisa Katoliki haliikubali hata bila uhariri wowote. Uboreshaji usio tiba unaukataa waziwazi. Angalieni yale maneno, hali ya utafiti ilivyo. Mlango umefungwa, lakini ufunguo haukutupwa baharini.

Mimi ni Mlutheri, na sisi Waprotestanti hatuna Roma ya kutuandikia. Kila kanisa husema lake, na mengi hayajasema kitu. Lakini nikiambiwa kiinitete katika bakuli la kioo ni mgonjwa anayetibiwa, natazama kinachofanyika maabara. Ili apatikane mtoto mmoja aliyehaririwa, viinitete vingi hutengenezwa, vikakatwa jeni, vikachunguzwa. Vile ambavyo mkato haukushika vizuri huwekwa kando. Niambieni, ninyi matabibu: daktari mwenye wagonjwa kumi, akawapa wote dawa moja, akamchukua aliyepona na kuwatupa tisa, mtamwita daktari? Basi hata anayeamini kwamba kiinitete ni mtu kamili, na hasa yeye, hawezi kuiita kazi hiyo tiba. Huko ni kuchagua, kwa mavazi ya hospitali.

Francis Collins aliliona mapema tatizo la kuhariri viinitete. Ni Mkristo anayeandika vitabu juu ya imani yake, na ndiye aliyeongoza mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, uliokamilika mwaka 2003. Mwaka 2015, akiongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, alitangaza kwamba fedha zao hazitagharimia uhariri wa viinitete vya binadamu. Na zamani zaidi, mwaka 1943, C. S. Lewis aliandika kitabu chembamba, The Abolition of Man, ambamo alionya kwamba ule tunaouita uwezo wa binadamu juu ya maumbile huishia kuwa uwezo wa watu wachache juu ya watu wengine, na wa kizazi kimoja juu ya vizazi vitakavyokuja. Hakujua lolote juu ya CRISPR. Alijua tabia ya watu.

Tabia hiyo nasi tunaijua, na siendi mbali kuitafuta. Mwaka 1933 palianzishwa Nairobi chama cha walowezi cha kuchunguza jinsi ya kuboresha mbari za watu. Nyuma yake alikuwapo daktari H. L. Gordon wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Mwenzake, F. W. Vint, alichunguza ubongo wa maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akachapisha madai kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya umebaki nyuma ukilinganishwa na wa Mzungu. Wakaomba fedha London ili waendelee na utafiti wa namna hiyo. London haikuwapa, na tumshukuru Mungu kwa ubahili wa serikali ya kikoloni, ambao mara hiyo moja ulitufaa. Waliokuwa katika chama kile hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa madaktari na watu wenye heshima mjini, wakisema lugha ya sayansi ya siku zao.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Hili linauma kulisema mbele ya wanafunzi wa theolojia. Mwaka 1926 chama cha yujeniksi cha Marekani kiliitisha shindano la mahubiri, na wachungaji wakaandika mahubiri ya kusifu uzao bora, wakishindania zawadi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikahalalisha kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa wapungufu wa akili. Mwaka 1930 Papa Pius XI, katika waraka wake juu ya ndoa, alikataa ufungaji uzazi wa namna hiyo, na kwa hilo Waprotestanti wengi wa wakati ule tulishindwa na Roma. Nasema tulishindwa kwa sababu urithi wa kanisa hauchagui mema tu.

Yote haya yanahusu nini leo? Fikirini ualbino. Tanzania inahesabiwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Jeni yake inajulikana, ni OCA2, na kasoro yenyewe imeenea kwa watu wa jamii za Kibantu. Kesho atatokea mtu mwenye maabara nzuri na maneno laini, atuambie anaweza kuuondoa ualbino katika viinitete, tena kwa huruma, kwa kuwa tunajua yaliyowapata watu hawa: kuwindwa, kukatwa viungo, kuuzwa kwa waganga. Mama aliyemficha mtoto wake ndani kwa miaka mingi anaweza kumsikiliza mtu huyo, nami sitamhukumu. Lakini panga halikuwa katika jeni ya mtoto. Lilikuwa mkononi mwa jirani. Tukimwondoa mtoto tukamwacha jirani alivyo, tumemponya nani? Jua kali ni kweli linawaua kwa saratani ya ngozi, na kwa hilo hospitali ya KCMC Moshi, iliyo chini ya kanisa, inatengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, yaitwayo Kilisun. Mnaweza kuyaona mafuta hayo ni jambo dogo mbele ya CRISPR. Mimi nayaona ni theolojia iliyokamilika.

Tena tusiwe wepesi kuyatambua mabaya na mema katika jeni. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipita pwani, nyanda za juu na kandokando ya Ziwa Victoria akipima damu, na mwaka 1954 alionyesha kwamba jeni ya selimundu imejaa pale penye malaria. Pwani na Ziwani aliikuta kwa zaidi ya mtu mmoja katika watano kwa baadhi ya makabila, na nyanda za juu, kwa Wakikuyu na Wamasai, karibu haikuwapo. Mwenye nakala moja ya jeni hiyo haugui selimundu, na anakingwa na malaria kali. Mwenye nakala mbili ndiye mgonjwa. Jeni inayomuua mtoto mmoja imemwokoa dada yake, na huenda imewaokoa mababu wa wengi walioketi humu. Anayetaka kuifuta katika uzao wote atuambie kwanza malaria ataipeleka wapi.

Nimesema mengi juu ya mkato usiotakiwa. Sasa niseme juu ya ule unaotakiwa, ule wa Nashville, maana kwa hesabu yangu dhambi kubwa ya Wakristo wa Afrika Mashariki katika jambo hili haitakuwa kuhariri viinitete. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Tiba imepatikana kwa ugonjwa ambao wengi wa wagonjwa wake ni Waafrika, na mahali pa mwisho itakapofika ni Afrika. Mwaka 2019 serikali ya Marekani na taasisi ya Gates zilitangaza kuweka angalau dola milioni 100 kila moja kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutolewa katika nchi maskini. Ni jambo jema. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Nalo ni jema, ingawa mtoto asiye na ndugu ambaye uboho wake unalingana na wake hana la kutumaini hapo.

Lakini kuna yanayowezekana leo, kwa mikono tuliyo nayo. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki, watafiti walichukua matone ya damu yaliyokaushwa ambayo tayari yalikuwa yamekusanywa kupima VVU kwa watoto wachanga, wakayapima selimundu. Katika watoto zaidi ya 17,000 wa kanda ile, mmoja katika watano alibeba jeni, na zaidi ya mmoja katika mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Damu ilikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza swali la pili juu ya tone lile lile. Na Kilifi, katika utafiti uliofanywa pamoja na vituo vya Uganda, Kongo na Angola, vidonge vya hydroxyurea, dawa ya siku nyingi isiyo na maajabu, vilipunguza maumivu, vikapunguza uhitaji wa kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, mwaka ule ule Victoria Gray alipotibiwa. Dunia inalijua jina lake. Vidonge vya Kilifi vinajulikana na wachache, na katika zahanati nyingi havipo.

Msidhani pia kwamba mjadala wa viinitete ni wa ng'ambo. Mwongozo wa maadili ya utafiti uliotolewa Afrika Kusini mwaka 2024 uliweka sehemu inayohusu uhariri unaorithiwa, na wanasayansi wakagawanyika vikali juu ya maana yake. Watafiti wanaokatazwa kwao hutafuta nchi ambayo sheria yake imenyamaza.

Kwa hiyo nawaomba, Baba Askofu na viongozi wa makanisa mliopo, mambo mawili ambayo hayahitaji maabara. Kamati za maadili ya utafiti za nchi zetu zina nafasi za watu wa dini na za raia wa kawaida. Pelekeni huko watu waliosoma, wanaoweza kuisoma fomu ya ridhaa mpaka ukurasa wa mwisho na kuuliza ni nani hasa anayetibiwa, na msiwapeleke wazee waliostaafu kwa ajili ya posho ya kikao. Na katika kila hospitali yenye msalaba juu ya lango lake, kuanzia pwani hadi Ziwa, mtoto anayezaliwa apimwe selimundu kabla hajatoka wodini, na akikutwa nayo apate penisilini, chanjo na hydroxyurea kwa bei ambayo mama yake anaweza kulipa. Bajeti za mwaka ujao bado hazijapitishwa. Anzeni na hilo.